Lupu yangu inasikia vizuri lakini haisikiki, ninunue emplifaya?

SWALI: Habari Injinia. Nilipata leseni yangu ya redio amateur (ya kuongea na watu hewani kama burudani) kutoka CA, Mamlaka ya Mawasiliano, mwaka huu. Naishi gorofa ya nne South B na dipoli, ile antena ya waya mrefu ulionyooka, siwezi kuweka, keateka amekataa waya zining'inie kwa ukuta. Nimejitengenezea lupu, yaani antena ya duara, ya kipenyo cha mita 1 na ile waya ya stima ya milimita mraba 2.5, kapasita ya kuchagua masafa nimetoa kwa redio kuukuu ya babu, nimefunga na skrubu. Kwa bendi ya mita 20 (megahezi 14 hivi) nasikia watu wengi hadi Ulaya, lakini nikiita na wati 20 hakuna anayejibu, na kwa kapasita kunalia tsi tsi tsi. Ninunue emplifaya ya wati 100 ama hizi lupu ni kupoteza wakati? Na je, niko na mtoto mdogo, iko salama?

JIBU: Dada yangu, hongera kwa leseni, na emplifaya tafadhali usinunue. Lupu si kupoteza wakati hata kidogo, mimi pia niko kwa fleti na miaka kadhaa sasa narusha, yaani natuma mawimbi, kutoka balkoni, ila hiyo yako inakula karibu nguvu yote kabla haijatoka hewani, na hiyo tsi tsi ni kapasita inakwambia imelemewa. Ukiitia wati 100 itaungua siku hiyo hiyo.

Nianze na hii ya kusikia bila kusikika kwa sababu imechanganya watu wengi. Kwa mita 20 hapa mjini kelele ni nyingi, kuna radi za mbali, chaja za simu, balbu za LED, inveta za sola, na hizo zote zinaingia kwa antena pamoja na yule unayemsikiliza. Antena ikipoteza nguvu inapoteza ya kelele na ya yule mtu kwa kiasi kile kile, kwa hivyo wewe unaongeza volyumu kidogo na yeye bado yuko juu ya kelele vile alivyokuwa, hutajua kuna kitu umepoteza. Wakati wa kurusha sasa hakuna volyumu ya kukuokoa, wati ikishageuka joto kwa waya imeenda, na yule wa Ulaya naye ana kelele zake huko zinazofunika kile kidogo kilichobaki.

Imeenda wapi? Lupu ndogo, yaani ile ambayo mzingo wake hauzidi robo ya urefu wa wimbi, iko na ukinzani mdogo sana wa kurusha. Kwa lupu ya mita 1 kwenye megahezi 14.1 ni kama ohmu 0.09, sifuri nukta sifuri tisa, na hiyo ndiyo sehemu pekee inayokufanyia kazi. Upande wa pili kuna ukinzani wa waya yenyewe ambao kazi yake ni kupasha joto tu. Kwa masafa haya umeme haupiti katikati ya waya, unapita kwa ngozi ya nje, kwa kopa ni unene usiofika milimita 0.02, kwa hivyo kinachohesabika ni upana wa hiyo ngozi. Waya yako ya 2.5 iko na kipenyo cha kama milimita 1.8, na nikipiga hesabu inakuja karibu ohmu 0.55. Linganisha na ile 0.09. Kwa wati zako 20, zinazotoka hazifiki 3, na hapo hatujahesabu skrubu. Sasa chukua paipu ya kopa ya milimita 22, duara lile lile la mita 1, upotevu unashuka hadi kama ohmu 0.045 na kwenye karatasi theluthi mbili ya nguvu inatoka. Wati zile zile 20, redio ile ile, lakini sasa kama 13 ziko hewani.

Na hapa kwa skrubu nikuombe uniskize vizuri. Kiungo kimoja kibaya chenye ohmu 0.05 tu, kitu ambacho mita yako ya kawaida haiwezi hata kukuonyesha, kitashusha hiyo theluthi mbili hadi nusu. Kimoja tu! Ndio maana lupu nzuri haina skrubu mahali mkondo unapita. Tafuta fundi wa friji na AC, hao ndio wako na paipu ya kopa ya kukunja ile ya inchi 7/8 na ndio wanajua kuichomelea na vijiti vya silva, mwambie akukunjie duara na achomelee ncha moja kwa moja kwa bamba za kapasita. Aluminiamu inafanya kazi pia ila kuichomelea vizuri ni shida na ukiifunga na bolti inashika kutu nyeupe, miezi michache umerudi ulipoanza. Kama paipu imekushinda bei, hata ganda la nje la kebo nene ya koaksi (aina ya kebo ya antena ya TV), ile ya milimita 10, ni bora mara nyingi kuliko waya ya stima.

Tuje kwa kapasita, na hapa watu huwa hawaamini mpaka waone cheche. Ndani ya lupu kuna mkondo mkubwa na volti kubwa ajabu. Kwa hiyo lupu ya paipu, wati 20 zinaleta kama ampea 12 na volti zinafika kilele cha 3,700 hivi kwa kapasita. Ndiyo, kutoka wati 20. Na kadiri unavyoitengeneza vizuri ndivyo volti zinapanda, kwa sababu kinachozizuia ni ule upotevu uliouondoa. Wati 100 ungekuwa zaidi ya volti 8,000. Kapasita ya redio ya babu bamba zake zimekaribiana sana, ilitengenezwa kupokea, haikutengenezwa kurusha.

Halafu kuna kitu ambacho maelezo mengi ya mtandaoni hayakwambii kwa sababu walioandika wako karibu na usawa wa bahari. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu, hewa yetu ni nyepesi, shinikizo ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa, na hewa nyepesi inapasuka cheche mapema. Ile hesabu ya volti 3,000 kwa kila milimita ya nafasi, hapa ihesabu kama 2,500, na hiyo ni kwa bamba safi zisizo na ncha kali. Ongeza vumbi la mtaa na unyevu wa Aprili utaona mwenyewe. Usiku mmoja nilizima taa za sebule nikaangalia kapasita yangu ya kwanza nikirusha wati 15, kulikuwa na kicheche cha buluu kinaruka pembeni kabisa ya bamba moja, mahali nilikata na mkasi nikaacha ukingo mkali kama wembe. Nilipiga msasa kingo zote zikawa mviringo, nikafuta vumbi, haikuruka tena kwa nguvu ile ile.

Kwa hivyo tumia kapasita ya bamba mbili zilizogawanyika, ile wanaita ya kipepeo, ambapo lupu inachomelewa kwa bamba zisizozunguka pande zote mbili na zile zinazozunguka haziunganishwi na kitu, hakuna kiungo cha kusugua kinachopoteza nguvu na nafasi mbili za hewa zinagawana volti. Kwa mita 20 na hiyo paipu unahitaji kama pikofaradi 52, si nyingi. Mafundi wa Kariobangi Light Industries wanaweza kukukatia bamba ukiwapelekea mchoro. Acha milimita 2 kila upande na kwa wati 20 utalala usingizi. Ile ya babu usiitupe, kama iko na sehemu mbili unganisha ncha moja ya lupu kwa sehemu moja na ncha nyingine kwa sehemu ya pili, uache mhimili wa katikati peke yake, na usipitishe wati 5. Itakufundisha ukingoja ile ya kweli.

Kulisha lupu, yaani kuiingizia nguvu kutoka kwa redio, ni rahisi, kiduara cha sentimita 20 cha koaksi au waya nene, kikae chini ndani ya lupu upande unaotazamana na kapasita, ukikibonyeza kuwa yai au kukisogeza SWR, kipimo cha nguvu inayorudi kwa redio badala ya kuingia kwa antena, itashuka. Weka ringi ya feraiti (ile nyeusi ya kuzuia kelele) kwa kebo pale inapotoka, la sivyo ganda la kebo litakuletea kelele zote za nyumba.

Kuitafutia masafa kunataka mkono mtulivu, lupu nzuri ya mita 20 inashika kama kilohezi 20 tu, ukisogea kidogo lazima uzungushe kapasita tena. Sikiliza kwanza, kelele itaruka juu ghafla ukifika, halafu malizia na wati 1 ukiangalia SWR. Zungusha na fimbo ndefu ya plastiki kwa sababu mkono wako wenyewe ukikaribia unaihamisha. Nakushauri uanze na FT8, mtindo wa kutumiana ujumbe mfupi kwa kompyuta, kwa megahezi 14.074, iko pahali pamoja, na imetengenezwa kwa ishara dhaifu.

Mahali pa kuiweka: isimame wima kwa ukingo wa nje wa balkoni, mbali na grili kadiri unavyoweza kwa sababu chuma kilicho karibu kinanyonya, na nondo za slabu pia, kwa hivyo usiiegemeze kwa ukuta. Haihitaji kuwa juu kama dipoli, mita 1 kutoka sakafu inatosha. Inarusha zaidi kuelekea kingo zake, na ukiielekeza uso kwa chanzo cha kelele inakisahau kabisa. Mimi kuna jirani ana chaja inayonguruma kila jioni, nikigeuza lupu kama nyuzi 30 mshale wa redio unaoonyesha nguvu ya mawimbi unashuka kutoka S7 hadi S4. Tena ni nyepesi, ukimaliza unaiingiza ndani na keateka hana la kusema, ingawa ni heri umwonyeshe mapema.

Kuhusu mtoto sitakuzunguka. Karibu na lupu kuna uga mkali wa sumaku na kapasita inaweza kumchoma vibaya akiigusa wakati unarusha. Kwa wati 10 mimi sitaki mtu yeyote ndani ya mita 3, na kumbuka jirani wa ukuta wa pili ni mtu pia. Kama balkoni yako ni ndogo shuka hadi wati 5, funga mlango, rusha akiwa amelala chumba cha mbali.

Mita 40 kwa hiyo lupu usijisumbue sasa, ukinzani wa kurusha unaanguka hadi ohmu 0.006 na hata na paipu utatoa kama asilimia 16.

Ukishamaliza, kabla ya kuita mtu, sikiliza megahezi 14.100. Kuna vituo 18 vya vinara vya NCDXF (shirika la maamateur wa Marekani) duniani, vinavyotuma ishara za kupimia, kila kimoja kinatuma sekunde 10, mzunguko wote ni dakika 3, na mistari yao minne, yaani milio mirefu ya Morse, inashuka kutoka wati 100 hadi 10, 1, na 0.1. Cha Kenya ni 5Z4B, cha Afrika Kusini ni ZS6DN, cha Finland OH2B. Andika ni mistari mingapi umesikia kwa kila kimoja. Kwa upande wa kurusha, leo kabla hujaguza kitu tuma FT8 saa moja jioni na wati 5, uangalie kwa tovuti ya PSK Reporter ni nani amekusikia na kwa desibeli ngapi, uhifadhi hiyo picha. Rudia siku chache mfululizo saa ile ile baada ya fundi kuchomelea paipu, halafu nitumie picha zote pamoja na picha ya viungo kwa karibu, nataka kuviona.