Jero kwa kila mchoro? Dada mleta mada, usithubutu

Nimesoma vizuri tu hadi pale uliposema "nataka nianze kumpa jero kwa kila mchoro mzuri ili apate morali", nikaweka simu chini. Nimeiokota tena sasa hivi. Salamu zitakuja mwisho nikikumbuka.

Kwa wanaoingia sasa: dada yuko Nyakato, hapa Mwanza, ana kijana wa miaka sita anayechora ukutani, kwenye madaftari, hadi kwenye kanga ya mama yake. Anauliza anunue rangi gani, amtafutie mwalimu akifika umri gani, afanye nini na mwalimu wa shule anayechana kurasa zilizochorwa, halafu ndiyo hiyo habari ya jero, shilingi mia tano kwa mchoro. Wachangiaji watano wa juu wamempongeza. Mmoja kasema aipandishe iwe buku, elfu nzima. Wewe wa buku, mimi na wewe tutaonana.

Dada, nilifanya hivyo hivyo. Tunakaa Kirumba, mimi nauza nyavu na kamba karibu na soko la samaki la Mwaloni, kando ya Ziwa Victoria. Binti yangu akiwa na miaka mitano alikuwa anachora juu ya kila kitu: maboksi, nyuma ya risiti, sakafu. Mchoro wake mkubwa ulikuwa ziwa usiku. Anachukua karatasi, anaipaka mkaa yote mpaka viwiko vinakuwa vyeusi, halafu anakwangua vitone kwa ukucha, kimoja kimoja, ulimi nje. Hivyo vitone ni karabai za wavuvi wa dagaa. Siku hizi nyingi ni taa za betri lakini kwetu jina halijabadilika. Kama umewahi kukaa juu ya mawe ya huku kwetu usiku usio na mwezi unajua anachokisema: ziwa linawaka utadhani kuna mji mwingine ng'ambo. Mtoto wa miaka mitano aliliona hilo na akagundua mwenyewe kwamba mwanga unaweza kuupata kwa kuondoa, si kwa kuongeza. Mimi nikaona uchafu kwenye viwiko.

Akatokea huyo bwana. Jina namwachia, mwenyewe anajijua. Alikuwa anafundisha watoto "sanaa" kila Jumamosi, elfu kumi na tano kwa mwezi, na shati lake lilikuwa limenyooka kuliko maisha yangu. Akaliangalia lile ziwa jeusi kwa sekunde tatu, akasema, "Ziwa ni bluu." Akaangalia mchoro mwingine, wa mimi mwenyewe, kichwa kikubwa chenye miguu miwili inayotokea kidevuni, akasema mtoto hajui mwili wa binadamu. Nilikuja kujua baadaye sana kwamba watoto karibu wote wa miaka mitatu, minne huanza kumchora mtu hivyo, kichwa kinachotembea, na wengine wanaendelea nacho kidogo. Mwalimu wa watoto hajui hilo! Ni sawa na mvuvi anayeshangaa samaki ana magamba.

Akaniambia, "Kipaji kipo, nidhamu hakuna. Mzazi toa motisha." Akaniandikia bei kwa mkono wake. Ukipaka ndani ya mstari, jero. Usipotoka hata mara moja, buku. Ukitoka, hupati kitu. Nikabandika jikoni pembeni ya kalenda. Mimi, ambaye hata sato wa elfu tano simnunui bila kumfunua mashavu nione wekundu, nilinunua ushauri wa huyu mtu bila kunusa.

Wiki ya kwanza raha tupu. Wiki ya pili kikafunguliwa kiwanda. Alichukua kifuniko cha kopo la mafuta ya kujipaka, akazungushia penseli: duara. Pembetatu nyuma: mkia. Nukta: jicho. Bluu, asitoke nje. Samaki. Kifuniko, pembetatu, nukta, bluu, samaki mwingine. Jioni moja aliniletea kumi na wanne, wamepangwa kwenye rundo kama noti za benki. "Baba, hesabu." Nikahesabu! Elfu saba! Nikawatumia mashemeji picha kwamba binti anafanya kazi kwa bidii.

Mnajua viwanda vyetu vya sangara, minofu inasafirishwa, mapanki, yaani mifupa na vichwa, yanabaki hapa. Kwangu minofu ilikuwa imeshapanda ndege muda mrefu, mimi nikabaki nanunua mapanki kwa bei ya minofu.

Ikafika hatua tunabishana ubora. "Huyu hapa mkia umetoka, nakupa mia tatu." "Baba, umetoka kidogo tu." Saa tatu usiku, mtu mzima mwenye ndevu anapatana na mtoto bei ya mkia wa samaki. Mama yake alikuwa anachambua mchele, akatuangalia, akaendelea kuchambua. Afadhali angenirushia ungo.

Halafu ikaja wiki ya mbalamwezi, dagaa hawavuliwi, nyavu hazinunuliwi, nikamwambia mwanangu hela zimesimama kidogo. Hakulia. Aliweka penseli mezani taratibu kama kibarua aliyeona saa ya kutoka imefika. Wiki iliyofuata tukaenda Magu kumwona bibi yake, mguu ulikuwa unamsumbua. Nikasema, mchoree bibi kitu apate nafuu. Akaniuliza pale pale, mbele ya bibi: "Bibi atalipa?"

Bibi alicheka sana. Mimi nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Mwaka mmoja na miezi minne hakuchora. Ukutani hapana, sakafuni hapana. Ukuta wangu ukawa msafi kama wa benki. Hela iliyokwenda ilikuwa laki mbili na ushee, hiyo nilishaisamehe. Ile michoro ya ziwa jeusi nilikuwa nimeiwashia jiko yote isipokuwa mmoja.

Kabla hujasema ni mtoto wangu tu, soma hii. Mwaka 1973 kule Marekani, watafiti Lepper, Greene na Nisbett walichukua watoto wa chekechea ambao tayari walikuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja wakaahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe wakichora. Kundi la pili wakapewa cheti kile kile lakini kwa kushtukizwa, hawakuahidiwa. La tatu hawakupewa kitu. Baadaye kalamu zikawekwa darasani wakati wa kucheza, anayetaka achore. Wale walioahidiwa walichora karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Hata ile michoro waliyochora kwa ajili ya cheti ilionekana dhaifu kuliko ya wengine. Ona, waliopewa kwa kushtukizwa hawakuharibika. Kinachoua ni ile ahadi, "chora NDIPO nikupe". Hiyo imejulikana tangu 1973 na huyu bwana wa shati lililonyooka anachukua elfu kumi na tano kwa mwezi kufanya kinyume chake. Akisoma hapa, ile hela airudishe kwa bluu.

Najua atakuja mtu na hoja ya Tingatinga, yule mchoraji wetu maarufu, kwamba mbona alikuwa anauza. Edward Said Tingatinga alizaliwa 1932 na alianza ile michoro yake Dar mwaka 1968, hesabu mwenyewe umri. Mtu mzima anatafuta ugali. Huyu wa Nyakato ana miaka sita na ugali mnampa nyumbani. Cha kuchukua kwa Tingatinga ni kwamba alitumia hadibodi na rangi za baiskeli, kwa hiyo kwenye swali lako la rangi: mkaa, chaki, chochote. Nimejibu moja hilo.

KANUNI, nandika kwa herufi kubwa: MCHORO WA MTOTO HAUTIWI BEI. Si ya hela, si ya pipi, si ya nyota, si ya "ukichora vizuri nitakupeleka Capri Point". Hata lile neno "mzuri" ukilitoa kila dakika ni jero nyingine, utaona anaanza kukuangalia usoni kabla ya kuangalia karatasi.

Aliyenitoa kwenye shimo hilo ni bibi yule yule, na wala hakukusudia. Likizo ya Juni binti alibaki Magu. Bibi alikuwa anakandika ukuta wa jiko, akamtupia bonge la udongo asimsumbue. Akafinyanga ng'ombe. Bibi hakusema mzuri wala mbaya. Alimuuliza, "Huyu anaitwa nani?" Mtoto akamtaja. "Na mbona pembe moja?" Akaanza kueleza pembe ilivyovunjika, maelezo yakaenda mpaka giza, na kesho yake wakawa ng'ombe tisa, kila mmoja na jina lake na ugomvi wake. Nilipokwenda kumchukua niliwakuta wamepangwa juu ya kinu, nikafungua mdomo niseme "safi sana", bibi akanikata jicho. Nikauliza yule wa mwisho anaitwa nani. Anaitwa Baba. Ndiye mwenye pembe moja.

Habari ya mwalimu anayechana kurasa, kwa kweli hasira zimenipanda nimeisahau. Mtaala mpya una sanaa na michezo ndani yake, anzia hapo ukiongea naye, wengine watakuongezea. Na umri wa kumtafutia mwalimu usiniulize mimi, mimi nikiona mtu na brashi Jumamosi navuka barabara.

Sasa hivi ana miaka minane. Lile ziwa moja lililonusurika jiko nimelibandika ilipokuwa bei, pembeni ya kalenda. Juzi amesimama kulitazama akasema karabai zimepungua, akapanda kwenye kiti, akakwangua tatu zaidi kwa ukucha. Sikusema kitu. Nilikuwa nakata vitunguu, machozi ni ya vitunguu.

Haya, salamu sasa. Hamjambo wakuu?