Chai ya Chembe Si Makapi

SWALI: Bwana Mhariri, marehemu nyanya yangu alitupikia chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, kwa majani marefu yaliyosokotwa, ambayo yalifunguka ndani ya buli. Siku hizi kila pakiti ninayoinunua hapa Langoni ina chembe mfano wa baruti, na mwenye duka huniambia ni chai ya Kericho. Je, si makapi hayo, yaliyobaki baada ya majani mazuri kupelekwa ng'ambo? Na mbona nikiichemsha huwa chungu?
Msomaji, Lamu

JIBU: Ndugu msomaji, makapi siyo. Chembe hizo hutokana na majani mawili na chipukizi lake, sawa na chai ya nyanya yako. Tofauti imo katika mashine. Majani yakishanyaushwa kwa saa nyingi mpaka yakalegea, hupitishwa baina ya roli za chuma zenye meno, moja ikizunguka kwa kasi kuliko mwenziwe, nayo hutoka yamekatwa, yameraruliwa na kuviringwa. Njia hii ilibuniwa Assam, India, miaka ya 1930, na viwanda vingi vya Kenya huifuata. Utomvu ukikutana na hewa, ukijani hugeuka rangi ya shaba kwa muda wa saa moja hivi (wenyewe viwandani husema chai inachachuka, ingawa hamira haimo), kisha hukaushwa kwa hewa ya moto hadi unyevu ubaki karibu asilimia 3.

Kuhusu ng'ambo hukukosea sana, kwani sehemu kubwa ya chai ya Kenya huuzwa nje kupitia mnada wa Mombasa. Lakini inayokwenda huko nayo ni chembe hizi hizi, zilizochekechwa kwa ukubwa. Hata ile ndogo kabisa, iitwayo vumbi, ni daraja halali lenye wanunuzi wake.

Uchungu, uniwie radhi, unatoka jikoni. Jani zima hutoa rangi polepole na huvumilia moto, ilhali chembe iliyoraruliwa huitoa kwa dakika chache, na ukizidi kuichemsha hutoa ukakasi wa jamii ile ile iliyomo katika gome la mkandaa wenyewe, ule mti wa jamii ya mikoko. Maji ya kisima yenye chokaa nayo huifubaza rangi na kuacha utando juu ya kikombe.

Chemsha kwanza tangawizi na hiliki, epua, ndipo utie chai; funika kwa dakika tatu au nne, kisha chuja.