Kaka yangu aliyefia vita vya Kagera: je, ni shahidi, na tumkumbuke vipi?

SWALI

Assalamu alaykum warahmatullah, Sheikh. Nilikuwa na miaka tisa mwaka 1978 kaka yangu alipoondoka Tanga na wanamgambo wenzake kwenda vita vya Kagera. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na hakuwa ameoa. Mwaka uliofuata tuliletewa habari kwamba ameuawa upande wa Masaka, na hakuna yeyote nyumbani aliyepata kuliona kaburi lake. Marehemu mama alikuwa akimsomea hitima, yaani kisomo cha Qurani kwa marehemu, kila mwaka, nami nimeendeleza, ila siku hizi tunaisoma Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Mwaka huu mwanangu amerudi kutoka chuoni akaniambia mambo yaliyoninyima usingizi: kwamba mjomba wake haitwi shahidi, yaani aliyeuawa katika njia ya Mwenyezi Mungu, kwa kuwa aliipigania serikali isiyo ya Kiislamu dhidi ya jeshi la mtawala Mwislamu, Idi Amin wa Uganda, na kwamba hitima yetu ni bidaa, yaani uzushi katika dini. Tena kuna jambo la deni. Kaka alichukua baiskeli kwa mwenye duka mmoja akafa hajamaliza kulipa, na mama alikuwa akisema shahidi hadaiwi. Je, nimsalie swala ya ghaibu, ile ya kumsalia maiti aliye mbali? Nifanye nini?

JIBU

Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yetu. Mwenyezi Mungu amrehemu kaka yako na mama yako, na akulipe kwa kumkumbuka ndugu uliyemjua kwa miaka tisa tu ya utoto wako.

Kuhusu kuitwa kwake shahidi, mwanao amepatia katika jambo moja na amekosea katika jingine. Amepatia kwamba hatumkatii mtu kwa jina lake kuwa ni shahidi mbele ya Mwenyezi Mungu, isipokuwa yule aliyetajwa na Mtume (s.a.w.). Imamu Bukhari, katika kitabu chake cha hadithi, aliweka mlango maalumu wa kukataza kusema kwa yakini kwamba fulani ni shahidi, kwa sababu nia imo moyoni na moyo haufunuliwi kwetu. Lakini kuacha kukata hukumu ni kitu kimoja, na kukata hukumu ya kinyume chake ni kitu kingine. Aliyesema "si shahidi" amejipa elimu ileile ya ghaibu aliyowakataza wenzake.

Hoja yake ya kuwa adui alikuwa Mwislamu haisimami. Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Uganda lilivuka mpaka, likaikalia ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini ya mto Kagera, raia wakauawa na mifugo ikaporwa, na Idi Amin akatangaza kwamba eneo hilo ni lake. Dini ya mtawala haihalalishi dhuluma yake. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 9, inazungumzia hasa makundi mawili ya waumini yanapopigana: yapatanishwe, na moja likilidhulumu jingine, lipigwe lile lenye kudhulumu mpaka lirejee kwenye amri ya Mwenyezi Mungu. Isitoshe, havikuwa vita vya dini. Waislamu wa Tanzania walikwenda kwa wingi, na katika jeshi la Amin walikuwemo Wakristo. Naye Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Said bin Zayd iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, alisema kwamba mwenye kuuawa akiilinda mali yake ni shahidi, na vivyo hivyo mwenye kuuawa akiilinda damu yake, dini yake au watu wake. Kijana aliyetoka Tanga kuwatetea watu wa Kagera, ambao pengine hakuwahi kuwaona, tunamtarajia kuwa miongoni mwao.

Nasema tunamtarajia, na sisemi zaidi ya hapo. Masaka si Kagera. Ni ndani ya Uganda, na vita vilipofika huko havikuwa tena vya kuurudisha mpaka peke yake. Mji ule uliharibiwa sana, na wakazi wake wengi hawakuwa na kosa. Ikiwa aya imeruhusu kumfuata dhalimu mpaka arejee, haikumpa askari ruhusa ya kumdhulumu asiyepigana, na kila mmoja ataulizwa juu ya mikono yake mwenyewe. Hatujui kaka yako aliona nini wala alitenda nini huko. Ndiyo maana anahitaji dua zaidi ya sifa. Neno "shujaa" linalotumiwa na taifa halina tatizo, kwani ni shukrani ya watu kwa aliyewatetea. Neno "shahidi" liseme pamoja na dua: Mwenyezi Mungu amkubali kuwa shahidi.

Mama yako hakuwa wa kwanza kupatwa na wasiwasi huu. Katika vita vya Badr, mwaka wa 2 wa Hijra, aliuawa kijana wa Kiansari, Haritha bin Suraqa, kwa mshale ambao haikujulikana nani aliyeurusha. Mama yake alimwendea Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba anajua mapenzi aliyokuwa nayo kwa Haritha, ikiwa yuko peponi atasubiri, na ikiwa sivyo, Mtume ataona atakalolifanya. Mtume hakumkaripia kwa maneno hayo mazito. Alimjibu kwamba pepo si moja bali ni nyingi, na kwamba mwanawe yuko katika Firdausi ya juu. Yule mama alipata jawabu ambalo mama yako hakulipata, kwa kuwa wahyi umekatika. Alichobakiwa nacho mama yako ni kuomba, na aliomba mpaka akafa. Mimi siwezi kuita hilo jambo dogo.

Kuhusu hitima, wanazuoni wametofautiana tangu zamani, na mwanao amekulia katika nchi ambayo khitilafu hiyo inasikika kila msikiti. Mashuhuri katika madhehebu yetu ya Shafii ni kwamba thawabu za kisomo chenyewe hazimfikii maiti. Wengi katika wafuasi wa Imamu Shafii, hata hivyo, wameona kwamba zinafika pale msomaji anapomalizia kwa kumwomba Mwenyezi Mungu amfikishie marehemu, na Imamu Nawawi amelitaja hilo. Wasilotofautiana juu yake ni kwamba dua inafika, na sadaka inafika. Saad bin Ubada alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama sadaka itamfaa mama yake aliyefariki, akaambiwa ndiyo, akaitoa bustani yake. Basi ikiwa mnakutana, mnasoma, mnamwombea na kuwalisha wahitaji, bila kuitakidi kwamba tarehe 25 Julai ina fadhila ya kisheria, sioni sababu ya kukukataza. Mkiiacha tarehe hiyo mwaka mmoja na kufanya siku nyingine, itasaidia kuwaonyesha watoto kwamba si faradhi. Lakini ikiwa unakopa ili upike pilau ya watu mia, acha. Jarir bin Abdillah alisema kwamba wao walikuwa wakihesabu kukusanyika kwa wafiwa na kupikiwa chakula huko kuwa ni sehemu ya maombolezo yaliyokatazwa, na riwaya hiyo ndiyo mwanao anayoitegemea. Usimwone kuwa mtovu wa adabu kwa kuileta.

Zaidi ya kisomo, tazama alivyofanya Mtume (s.a.w.) alipouawa binamu yake Jaafar katika vita vya Muta, mwaka wa 8. Aliwatangazia watu wa Madina habari hiyo huku macho yake yakitoka machozi. Akaagiza wengine wawapikie watu wa Jaafar, kwa kuwa wao wameshughulishwa na msiba. Baada ya siku tatu akawaendea, akawaambia wasimlilie tena ndugu yake baada ya siku ile, kisha akaagiza waletwe watoto wa Jaafar, akaita kinyozi akawanyoa. Kaka yako hakuacha mtoto, lakini wapo wenzake walioacha. Ukitaka kutoa sadaka kwa ajili yake, itafute nyumba ya askari aliyefariki ambaye watoto wake bado wanasoma, uitoe huko.

Swala ya ghaibu haikulazimu. Mtume (s.a.w.) alimsalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, naye akiwa mbali, na Imamu Shafii ameichukua hukumu kutoka hapo, lakini kwa kauli inayotegemewa katika madhehebu, anayeisali ni yule ambaye siku ya kifo alikuwa tayari ni mtu wa kufaridhiwa swala. Wewe ulikuwa mtoto. Kaburi nalo, ikiwa amezikwa Kaboya, wilayani Muleba, walikolazwa wengi waliokufa katika vita vile, na ukajaliwa kufika, watolee salamu wote, Waislamu kwa salamu ya makaburini, na umwombee wako. Usipofika, dua haina nauli.

Limebaki deni, nami nakusihi ulianze hili kabla ya hitima ijayo. Mama yako, Mwenyezi Mungu amsamehe, alikosea hapa. Katika hadithi ya Abdullah bin Amr iliyopokewa na Muslim, shahidi husamehewa kila dhambi isipokuwa deni. Ikiwa kaka yako aliacha mali, deni lilikuwa litoke humo kabla ya kurithiwa. Ikiwa hakuacha kitu, hulazimiki kulipa kutoka mfukoni mwako, lakini ukilipa umemfanyia kubwa. Watafute warithi wa yule mwenye duka. Wanazuoni wengi wanasema deni hulipwa kwa idadi ileile ya fedha, lakini shilingi ya mwaka 1978 na ya leo hazifanani, kwa hiyo usiwapelekee kiasi ambacho hakinunui hata pampu ya baiskeli. Kaeni msuluhishane kwa kiwango watakachoridhia, au wasamehe kwa hiari yao. Wasipopatikana kabisa, kitolee sadaka kwa niaba yao.

Iliwahi kuletwa jeneza mbele ya Mtume (s.a.w.), naye akaacha kumsalia maiti kwa sababu ya dinari mbili alizokuwa akidaiwa, mpaka sahaba Abu Qatada akasema kwamba atazilipa yeye. Siku iliyofuata Mtume alimuuliza habari za dinari zile, na kesho yake alipoambiwa zimekwisha kulipwa, alisema: "Sasa ngozi yake imepoa."

Wallahu aalam.