Je, Ibada ya Jumapili Pekee Haitoshi?

SWALI: Nimeokoka na sikosi ibada ya Jumapili. Mchungaji wetu anasisitiza tuhudhurie pia kipindi cha katikati ya juma cha kujifunza Biblia na kuomba, lakini jioni hutoka kazini nikiwa nimechoka. Je, kuna andiko linalonilazimisha kwenda, ilhali Biblia ninayo nyumbani na mahubiri nayasikiliza redioni?

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna andiko linaloitaja Jumatano au Alhamisi kuwa siku ya lazima, na anayekuhesabia dhambi kwa kukosa kipindi hicho anaongeza lisiloandikwa. Hata hivyo, Waebrania 10:24-25 haiishii kutuagiza tusiache kukusanyika, bali inaeleza pia tunakusanyika kwa ajili gani: kuangaliana, kuhimizana katika upendo na kazi nzuri, na kuonyana. Ni vigumu kulitimiza hilo Jumapili, mmoja anapohubiri na mamia wakasikiliza, kisha kila mtu akashika njia yake. Katika kikundi cha wachache ndipo unapoweza kuuliza usichokielewa, kulitaja jaribu linalokusumbua na kuombewa kwa jina, na ndipo mwenzako anapong'amua kwamba siku hizi umekuwa mkimya mno. Redio, hata ihubiri vizuri namna gani, haitakuuliza hali yako.

Petro alipofungwa gerezani, wengi walikuwa wamekusanyika usiku nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohana Marko, wakiomba (Matendo 12:12). Shida ilikuwa ya usiku ule, na maombi yakawa ya usiku ule. Karne nyingi baadaye, mwaka 1742, Wamethodisti wa Bristol, Uingereza, waligawanywa katika vikundi vya watu wapatao 12, na nia ya kwanza, ajabu kidogo, ilikuwa kuchangisha fedha za kulipa deni la jengo. Viongozi waliowapitia washirika kila juma wakaanza kugundua mienendo iliyokuwa imefichika, naye John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti hao, akatambua kwamba mpango wa fedha ulikuwa umempa njia ya kulichunga kundi.

Kuhusu uchovu, mweleze kiongozi wako waziwazi, na ikibidi anza kwa kuhudhuria juma moja na kupumzika linalofuata. Viongozi nao wana wajibu hapa, kwa kuwa kipindi kinachochelewa kuanza na kumalizika usiku mno huwafukuza watu wenye kazi, wala si haki kuwaita wavivu.