Lengai peke yako, usiku huohuo uliofika?

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuendesha mwenyewe kutoka Arusha hadi kijiji cha Engare Sero, halafu upande mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai usiku huohuo, peke yako. Hapana, usithubutu.

Ukishaiacha lami upande wa Mto wa Mbu, huko Engaruka ni vumbi, mawe na makorongo. Mimi nilipata pancha mbili na spea nilikuwa nayo moja. Nilifika saa mbili usiku, shati jeupe limekuwa kama nimelala jikoni, na bado nikajitia kiburi: saa sita naanza. Katikati ya mlima magoti yakaanza kutetemeka. Nikageuza.

Watu hupanda usiku kukwepa jua, maana kule juu hakuna kivuli wala maji. Ni mita 2,962 tu, lakini shida si urefu, ni mwinuko wenyewe. Majivu yanateleza, na kushuka kunatesa kuliko kupanda.

Kwa hiyo lala kijijini siku nzima kwanza. Tafuta kijana wa Kimasai anayeijua njia, beba maji lita nne na glovu za kushikia miamba. Na spea, chukua mbili.