Tezi ilishatolewa, mwani utaamsha nini?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 41, naishi Likoni. Mwaka jana nilitolewa tezi yote ya shingo sababu ya rovu, nikaandikiwa levothairoksini maikrogramu 100 kila siku. Kuna mtu ananiuzia unga wa mwani, anasema unaamsha tezi na tembe zitanizoesha vibaya. Nimeacha dawa wiki mbili sijaona tofauti. Niendelee?

Jibu: Marahaba mama. Usiendelee. Rudia tembe yako kesho asubuhi kabla hujatia kitu mdomoni, na umwambie daktari aliyekuandikia kwamba ulikatiza.

Hiyo "sijaona tofauti" ndiyo inayowaponza watu kila siku. Hii dawa inatoka mwilini polepole, wiki nzima ikipita bado karibu nusu imo, kwa hivyo wewe hizo wiki mbili umekula akiba tu. Na akiba ikiisha haipigi hodi. Nililetewa mama mmoja Januari, joto la kaskazi hata feni haisaidii, yeye kajifunika shali na soksi juu, macho yamevimba, sauti nzito kama ya mwanamume, ukimuuliza jina anafikiri kwanza ndio ajibu. Miezi mitatu alikuwa kwenye unga kama huo wako. Wako wanaozimia kabisa wasiamke.

Mwani una iodini, sikatai, na tezi hutumia iodini kutengeneza homoni. Lakini wewe tezi huna! Magunia ya unga wa ngano yatafaa nini kama mpika mahamri keshahama? Na hiyo tembe haikuzoeshi chochote mama, ni homoni ileile iliyokuwa ikitoka shingoni mwako. Kule Uswisi daktari mpasuaji Theodor Kocher alieleza mwaka 1883 jinsi wagonjwa aliowatoa tezi nzima walivyovimba wakadumaa mwili na akili, manake tembe hazikuwepo bado.

Sasa hawa wauzaji watakuonyesha shuhuda, "fulani alipasuliwa na leo hamezi dawa". Muulize huyo fulani alitolewa nusu au yote, kwa sababu waliotolewa nusu wengi wao ile iliyobaki inawatosha, mwani haukufanya kitu. Wanajua hilo au hawajui mimi sijali, wanaua watu, na wengine wanawauzia hata wajawazito, ambao ndio dozi yao huwa inahitaji kuongezwa, mtoto tumboni anategemea homoni ya mamake.

Tembe meza kwa maji, chai ya maziwa na mbaazi zingoje nusu saa mpaka saa nzima. Vidonge vya kalsiamu au vya damu, masaa manne mbali nayo. Ramadhani meza usiku ukienda kulala, masaa matatu baada ya kula. Usiiweke dirishani kwenye jua. Wiki ya sita hivi tangu urudie tembe upimwe TSH, kipimo cha damu kinachoonyesha kama dozi inakutosha, dozi irekebishwe kwa majibu ya maabara, si kwa unavyojisikia. Na ukihisi midomo au vidole vinafanya ganzi usingoje miadi, hiyo yaweza kuwa kalsiamu imeshuka, nenda hospitali siku hiyohiyo.