Ukitaka unga wa asali, tazama uso wa tone

Kama unataka kukausha asali kwa mashine ya kunyunyiza, ile inayorusha matone ndani ya chemba ya hewa ya moto yakauke kuwa unga, usikimbilie kupandisha joto. Mimi nilianzia hapo, hapa hapa Iringa, nikavuna gundi. Asali ya Mufindi, nzuri ajabu, yote ukutani mwa chemba. Nilishinda nakwangua kwa mwiko.

Tatizo ni fruktosi, sukari iliyojaa kwenye asali. Hata ikikauka, huanza kulegea kwenye nyuzi joto kama 5 tu, wakati laktosi ya maziwa huvumilia hadi karibu 100. Maltodextrini, yaani wanga uliovunjwavunjwa, inasaidia, ila ukiijaza sana unauza wanga wenye harufu ya asali, na watu wa huku asali wanaijua.

Kilichonipunguzia maltodextrini ni protini ya whei, yale majimaji yanayobaki maziwa yakitengenezwa jibini. Tone likishatoka kwenye nozeli hukauka ndani ya sekunde chache tu, na katika muda huo protini hukimbilia nje, pale maji yanapokutana na hewa. Sukari hubaki ndani. Chembe inafika ukutani imeshavaa koti la protini, na koti hilo halinati kirahisi.

Basi nikajiona mtaalamu. Nikataka unga wenye mafuta ya tangawizi, nikatia emalsifaya, kiungo cha kushikanisha mafuta na maji, ili yasijitenge. Ukuta ukanata upya, vilevile kama siku ya kwanza. Fundi wa mashine akachungulia, akacheka: "Dada, umemwaga sabuni humu?"

Alikuwa sahihi kuliko alivyodhani: emalsifaya na sabuni hufanya kazi kwa namna moja, zote hukimbilia uso wa tone. Molekuli za emalsifaya ni ndogo na nyepesi. Ni kama vijana kwenye mlango wa daladala ya Kihesa jioni: wameshakaa wakati mama mwenye kapu bado anatafuta pa kukanyaga. Protini ndiyo mama. Tena hata ikiwahi kiti, huondolewa.

Wanaotengeneza maziwa ya unga yenye mafuta hunyunyizia lesithini, ambayo nayo ni emalsifaya, juu ya unga uliokwisha kukauka. Unga huo una mafuta kama 26% tu, lakini usoni karibu kote ni mafuta, ndiyo maana bila lesithini huelea kwenye maji baridi. Nawe emalsifaya yako isubirishe.

Na ndoo ya kuchanganyia isuuze mara tatu. Sabuni ya vyombo nayo hugombea kiti kilekile. Niliwahi kupoteza mkupuo mzima kwa sababu ya ndoo iliyooshwa harakaharaka.